Mizani ya David Hume: Twajuaje Tunayoyajua?



Jioni moja, baada ya mafundisho ya kipaimara, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwenda zao. Akanijia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, usinikasirikie. Nimesoma habari za Mzungu mmoja wa zamani, jina lake Hume. Yeye afundisha ya kuwa mwenye busara huliamini neno kwa kadiri ya ushuhuda wake, wala hazidishi. Basi, mwalimu, sisi twajuaje hayo tunayoyaamini?"

Naungama mbele yenu kwamba sikumjibu vema. Nilimwambia kuwa maswali ya namna hiyo ni ya watu wasioamini, nikamuaga. Akaenda zake kimya, na kwa majuma matatu sikumwona kanisani.

Wazee wetu walisema, kuuliza si ujinga. Naye mwalimu amnyamazishaye mwulizaji hakumjibu, amemfukuza tu. Siku zile moyo wangu haukutulia, maana nilijua ya kuwa nimemkemea kijana kwa ajili ya kitabu nisichokisoma. Ndipo nikaona imenipasa kumsoma mtu huyo mwenyewe. Leo nataka kuwaeleza niliyoyaona, nikitenga lililo jema na lililo pungufu, ili mwalimu mwingine akiulizwa kama nilivyoulizwa asifanye kama nilivyofanya.

1. Maisha yake

David Hume alizaliwa mjini Edinburgh katika nchi ya Uskoti, mwaka 1711. Baba yake alikufa mtoto angali mchanga, naye akalelewa na mama yake katika shamba la jamaa yao huko Ninewells, karibu na mpaka wa Uingereza. Aliingia chuo kikuu cha Edinburgh akiwa na miaka 11 hivi. Jamaa zake walitaka awe mwanasheria, lakini moyo wake ulikuwa katika vitabu vya hekima.

Katika mwaka 1734 akavuka bahari kwenda Ufaransa, akakaa katika mji mdogo wa La Flèche, na huko akaandika kitabu kikubwa juu ya tabia ya asili ya mwanadamu. Kilipigwa chapa London miaka ya 1739 na 1740, naye alikuwa hajatimiza miaka 30. Watu hawakukijali, hata yeye mwenyewe akasema baadaye kwamba kitabu kile kilizaliwa mfu. Lakini leo wenye elimu wakihesabu vitabu vikubwa vya hekima, hicho hakiachwi.

Mwaka 1745 alinyimwa kazi ya kufundisha katika chuo kikuu cha Edinburgh, kwa sababu wachungaji wengi walimwona kuwa mpinzani wa dini. Baadaye alitunza maktaba ya mawakili wa mji ule, akaandika historia ya Uingereza, na hiyo ndiyo iliyompa sifa na mali. Walakini katika rafiki zake wa karibu walikuwamo wachungaji, kama vile Hugh Blair na William Robertson, waliokula naye mezani wakabishana naye pasipo uadui. Wengi waliomjua walimsifu kwa upole na ucheshi wake.

Alikufa tarehe 25 Agosti 1776. Majuma machache kabla ya kufa kwake, mwandishi James Boswell alimwendea, akataka kujua kama kifo kinamtia hofu. Akamkuta ametulia, akicheka, wala hana wasiwasi kwa kufikiri kwamba baada ya kufa hatakuwako tena. Boswell ndiye aliyeondoka akiwa na fadhaa. Nayasema hayo ili tusijirahisishie kazi kwa kumfanya Hume kuwa mtu mwovu. Hakuwa mlevi wala mdhalimu wa jirani zake. Alikuwa mtu mpole aliyeona mashaka, akayasema.

2. Juu ya maarifa

Hume alianza na swali jepesi: mawazo yaliyomo katika akili ya mtu yametoka wapi? Akajibu ya kuwa yote yametoka katika yale tuliyoyapata kwa macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, pamoja na yale tuyaonayo ndani yetu, kama vile furaha, huzuni na hasira. Hayo ndiyo chapa ya kwanza. Mawazo ni nakala za chapa ile, zilizofifia kidogo. Akatoa mfano wa nanasi, tunda lililokuwa adimu sana huko Ulaya siku zile. Mtu asiyelionja nanasi, alisema, hawezi kulifahamu ladha yake, hata ukimweleza mchana kutwa. Sisi tulio na mananasi sokoni twaelewa mara moja. Jaribu kumweleza mgeni utamu wa nanasi. Mwisho utachoka, ukate kipande, umpe ale.

Kisha akagawanya maarifa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kama hesabu: 3 mara 5 ni nusu ya 30, na jambo hilo ni kweli hata kama hapana kitu cha kuhesabiwa ulimwenguni. Fungu la pili ni habari za mambo yaliyoko: kwamba moto huunguza, kwamba mkate hulisha, kwamba jua litachomoza kesho. Hayo hatuwezi kuyajua kwa kufikiri tu tukiwa tumefumba macho. Akasema, mtazame Adamu siku ya kwanza ya kuumbwa kwake. Hata akili zake zingalikuwa kamilifu, asingaliweza kuyatazama maji maangavu, laini, akajua ya kuwa yaweza kumfisha kwa kumzamisha. Ilimpasa kwanza aone.

Na tukiisha kuona, je, twaona nini? Twaona moto, halafu twaona kuni zimeungua. Twaona jiwe limerushwa, halafu chungu kimevunjika. Lile fundo liungalo jambo la kwanza na la pili, ile nguvu yenyewe, hakuna aliyeiona kwa macho. Twaona tu kwamba hili hufuatana na lile, mara nyingi, bila kukosa, hata moyo ukazoea kulitazamia la pili kila lionekanapo la kwanza. Kwa hiyo Hume akasema kwamba kiongozi mkuu wa maisha ya mwanadamu ni mazoea, si hoja. Wahenga wetu walilijua jambo hilo waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye hakukaa kupanga hoja juu ya ung'ongo. Moyo wake umezoea, basi.

Hapo wengine husema, "Ama kweli mtu huyu alikuwa mpumbavu! Asadiki kwamba jua halitachomoza?" La, hakusema hivyo. Alisadiki kama wewe usadikivyo, akalala usingizi, akaamka, akanywa chai yake. Alisema tu kwamba sadiki hiyo haikutoka katika hoja za akili, wala hapana mwenye hekima awezaye kuithibitisha kwa hoja. Ukimwambia, "Jua litachomoza kesho kwa sababu limechomoza siku zote," atakuuliza, "Nani aliyekuambia kwamba kesho itafanana na jana?" Na ukimjibu, "Siku zote kesho imefanana na jana," umezunguka kama ng'ombe wa kinu, ukarudi mahali ulipoanzia.

3. Juu ya nafsi

Baada ya kuuliza habari za ulimwengu, akageuza macho ndani, akauliza, "Na mimi je? Mimi ni nani?" Akasema ya kuwa kila alipoingia ndani ya moyo wake kujitafuta, alikuta joto au baridi, pendo au chuki, uchungu au raha. Hakumkuta kamwe yule "mimi" peke yake, asiye na kitu kingine. Kwa hiyo akafundisha kwamba nafsi ya mtu, kadiri iwezavyo kuonekana, ni kama mzigo wa kuni uliofungwa pamoja, au kama umati wa mambo yapitayo upesi, moja likifuata lingine.

Akatoa na mfano ambao sisi watu wa usharika twaujua sana. Kanisa la matofali lachakaa na kubomoka, na watu wa mtaa ule walijenga tena kwa mawe, na kwa umbo jingine la siku hizi. Hapana tofali moja la zamani lililobaki, wala umbo si lile. Walakini watu wote husema, "Hili ndilo kanisa letu," kwa kuwa watu ni wale wale, na matumizi ni yale yale. Hivyo, akasema, ndivyo tuitavyo mtu mmoja yule aliyekuwa mtoto jana na ambaye leo ana mvi.

Lakini yafaa mjue tena neno hili: Hume mwenyewe hakuridhika. Mwaka 1740, mwishoni mwa kitabu chake, aliongeza maneno ya kuungama kwamba ameyarudia mafundisho yake juu ya nafsi, akajiona amenaswa, asione njia ya kutoka. Ni wenye elimu wangapi wanaothubutu kuandika hivyo juu ya kazi yao wenyewe? Mimi nilipoyasoma hayo nilianza kumpenda.

Nasi twajifunza nini? Twajifunza ya kuwa mtu hawezi kujishika mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Mkristo hashangai kusikia hayo. Hatukufundishwa kamwe kwamba umoja wa nafsi zetu wategemea sisi kujiona. Mtoto mchanga hajijui jina, lakini mama yake amjua. Mzee aliyesahau jina lake naye angali mtu, maana yuko amjuaye. Hume aliyekuwa peke yake chumbani alijitafuta asijione. Huenda nafsi haikuwekwa ipatikane kwa kujitafuta.

4. Juu ya mema na mabaya

Juu ya mwenendo wa watu alifundisha kwamba akili peke yake haimwondoi mtu kitini. Akili yaweza kukuonyesha njia ya kwenda sokoni, lakini haiwezi kukupa hamu ya kwenda. Hamu hutoka moyoni. Kadhalika, alisema, tukiona tendo la ukatili, hatulihukumu kwa hesabu. Twalichukia, na chuki hiyo ndiyo mwanzo wa hukumu yetu. Akawaonya waandishi wanaoanza kwa kueleza mambo jinsi yalivyo, na ghafula, bila kumwonyesha msomaji daraja, wakaanza kuamuru jinsi yanavyopasa kuwa. Tusiodharau onyo hilo ni wachache. Mara nyingi hata sisi wahubiri husema, "Desturi ndivyo ilivyo," kana kwamba tumekwisha kusema, "Ndivyo ipasavyo."

Na kwa nini mtu aumie kwa maumivu ya mwingine? Hume alijibu kwa mfano wa nyuzi za zeze zilizokazwa sawasawa: ukiugusa mmoja, mwingine hutetema. Hivyo mioyo ya watu hutetemeshana. Tena alieleza jinsi watu wanavyopatana katika haki kwa mfano wa watu wawili katika mashua moja. Kila mmoja avuta kasia lake, nao wanakwenda pamoja, ingawa hawakuandikiana mkataba wala kuapa. Wavuvi wetu wanajua kwamba ndivyo ilivyo.

Mafundisho hayo yana kweli nyingi, nami nayapokea kwa shukrani. Lakini zeze lina upungufu wake, na Hume alikiri hivyo: twawahurumia walio karibu kuliko walio mbali, na wanaofanana nasi kuliko wageni. Yeye alitafuta dawa yake, akasema kwamba imetupasa kujizoeza kumtazama kila mtu kwa jicho la mtu asiye na upande. Dawa hiyo ni njema. Tutaona baadaye kama mganga aliinywa.

5. Mizani na theluji

Sasa twafika penye swali la kijana wangu. Mwaka 1748 Hume alitoa kitabu kingine, na ndani yake mna sura juu ya miujiza. Mafundisho yake ni haya: ukisikia habari, weka katika mizani. Upande mmoja weka ushuhuda wa msemaji: je, ni watu wangapi, je, ni waaminifu, je, wana faida gani katika kusema? Upande wa pili weka yote tuliyoyaona siku zote juu ya ulimwengu. Mwujiza, alisema, ni jambo lililo kinyume cha yale ambayo watu wote wameyaona siku zote. Kwa hiyo ushuhuda hautoshi, ila uwe wa namna ambayo uongo wake ungekuwa mwujiza mkubwa zaidi.

Ndugu, tusiitupe mizani hiyo. Ni mara ngapi tumeona watu wakiuza mbuzi wao na mashamba yao, wampelekee mtu ajiitaye nabii, aliyetangaza kwamba ameponya vipofu katika mji wa mbali ambao hakuna aliyeufika? Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Mwalimu awafundishaye watu wake kuuliza, "Ni nani aliyeona? Yuko wapi aliyeponywa? Fedha zimekwenda wapi?" hakuvunja imani ya mtu. Amewalinda kondoo.

Lakini Hume mwenyewe alitoa hadithi ambayo yatufaa kuifikiri. Alisimulia habari za mwana wa mfalme mmoja wa Bara Hindi, ambaye alikataa kusadiki aliposikia kwamba katika nchi za baridi maji huwa magumu. Hume alisema kwamba mtu yule alifikiri sawasawa, maana hakuwahi kuona. Hata hivyo barafu iko!

Sisi wa nchi hizi tuna hadithi kama hiyo, nayo ni ya kweli. Tarehe 11 Mei 1848, miaka 100 kamili baada ya kitabu kile cha Hume, mmisionari Johannes Rebmann, mtu wa Württemberg, alipokuwa akisafiri kwenda Uchaga aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akatambua kwamba ni theluji. Habari zake zilipofika Ulaya, bwana mmoja mwenye elimu ya nchi, William Cooley wa London, alizikataa. Theluji karibu na mstari wa ikweta? Haiwezekani! Alikuwa na vitabu vingi, na mizani yake ilikuwa nzuri. Alikosa jambo moja tu: hakuwahi kufika. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda sehemu ya mlima, na habari zake zikathibitisha maneno ya Rebmann. Na muda huo wote Wachaga walikuwa wakiutazama weupe ule kila asubuhi, wala hapana mtu wa London aliyewauliza.

Sisemi ya kuwa theluji ya Kilimanjaro yathibitisha ufufuo wa Bwana. Hume angenijibu mara moja kwamba theluji ni kitu cha asili, nami ningekubali. Nasema neno dogo zaidi. Mtu asemapo, "Watu wote wameona siku zote," imempasa kujiuliza, "Ni watu gani? Niliwauliza wangapi?" Mizani ni njema, lakini mawe ya kupimia ni yale tu tuliyoyaokota katika bonde letu.

6. Mizani ilipomhukumu mwenye mizani

Na hapo ndipo tulipo na neno zito, ambalo singependa kulisema, walakini kulificha ni uongo. Hume aliandika insha juu ya tabia za mataifa. Katika mwaka 1753 aliongeza maneno chini ya ukurasa, akasema kwamba yeye ashuku ya kuwa watu weusi kwa asili ni duni kuliko weupe, na kwamba hapakutokea kati yao mtu wa elimu. Alisikia habari za mtu mweusi wa Jamaica aliyesifiwa kwa maarifa, akamfananisha na kasuku aliyefundishwa maneno machache.

Ushuhuda gani aliuweka katika mizani? Hakufika Afrika wala Jamaica. Aliyasadiki maneno ya wafanya biashara na wenye mashamba, watu waliokuwa na faida kubwa katika kusema hivyo. Yeye aliyefundisha kuuliza, "Msemaji ana faida gani?" hapo hakuuliza.

Sikilizeni sasa habari za mtu mmoja. Karibu na mwaka 1703, huko Axim katika nchi iitwayo leo Ghana, alizaliwa Anton Wilhelm Amo. Alipelekwa Ulaya angali mtoto, akapewa jumbe wa Wolfenbüttel katika Ujerumani, akabatizwa mwaka 1708 katika Kanisa la Kilutheri. Akasoma katika chuo kikuu cha Halle. Akaenda Wittenberg, mji ule ule wa Dr. Martin Luther, na huko mwaka 1734 akatetea kwa Kilatini maandiko yake juu ya roho na mwili wa mwanadamu: kwamba kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai, wala si ya roho yenyewe. Mwaka 1734 ni mwaka ule Hume alipokwenda Ufaransa, kijana asiyejulikana. Amo akafundisha wanafunzi Halle na Jena, akatoa kitabu mwaka 1738 juu ya njia ya kufikiri kwa usahihi, kisha akarudi kwao Axim. Alikuwa bado hai siku Hume alipoyaandika maneno yale.

Basi, shahidi alikuwako, na maandiko yake yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa. Mwaka 1770 James Beattie, mwalimu wa chuo katika Aberdeen, alimjibu Hume kwa hoja ambayo Hume angepaswa kuitoa mwenyewe: hapana mtu awezaye kunena hivyo, ila awe amewajua watu weusi wote walioko na waliokuwako. Na katika mwaka 2020 chuo kikuu cha Edinburgh kiliondoa jina la Hume katika jengo moja refu, kwa ajili ya maneno yale.

Siyataji hayo ili tumcheke. Tena haki yataka niseme kwamba mwaka 1752 aliandika maneno makali juu ya ukatili wa utumwa. Nayataja kwa sababu yananitisha. Ikiwa mtu mwenye akili kali namna hiyo, mpole, mwenye kupenda ukweli, aliweza kuisahau mizani yake katika jambo lililokuwa rahisi kuliona, basi mimi nimeisahau mara ngapi? Nimewahukumu watu wa kabila jingine kwa maneno ya sokoni mara ngapi? Zeze la moyo halitetemi kwa mtu wa mbali, asipokuwapo mwenye kulilazimisha.

7. Yai na bilauri ya maji

Katika mji wa Königsberg waliishi watu wawili waliolelewa katika Kanisa la Kilutheri, nao walimsoma Hume kwa bidii. Mmoja ni Immanuel Kant, ambaye mwaka 1783 aliandika kwamba Hume ndiye aliyemwamsha katika usingizi wa fikira zake, akatumia miaka mingi kutafuta jibu. Wa pili ni Johann Georg Hamann, aliyekuwa rafiki yake. Mwaka 1759 Hamann alimwandikia Kant barua, akasema jambo la ajabu: Hume huyo huyo ahitaji imani hata apate kula yai na kunywa bilauri ya maji. Maana yake, kama akili haiwezi kuthibitisha kwamba yai litamlisha, na hata hivyo anakula, basi kila siku mezani pake aishi kwa kutumaini. Hamann hakumwona Hume kuwa adui. Alimwona kuwa kama mtu abomoaye nyumba iliyokuwa mbovu, asijue ni nani atakayejenga hapo.

Nasi tulioikariri Katekisimo Ndogo twajua ya kuwa Luther, alipoeleza sehemu ya tatu ya Imani, alikiri kwamba kwa akili zake na nguvu zake hakuweza kumwendea Kristo, bali aliitwa na Roho. Hume alifika kwenye kizingiti cha akili, akakaa hapo. Akasema ukweli juu ya kizingiti. Alipochoka na mashaka, aliungama, alikwenda kula na rafiki zake na kucheza nao, na baada ya saa tatu au nne mashaka yake yakaonekana baridi. Sisi hatuwezi kumcheka. Hata katika jambo hilo kuna fundisho: mashaka ya mtu hayaponywi kwa hoja peke yake, bali pia kwa meza na wenziwe.

Lakini na tujihadhari. Tusiseme, "Hume asadiki yai bila hoja, kwa hiyo nami naweza kusadiki lo lote nipendalo." Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya imani. Tomaso alitaka kuona, wala Bwana hakumfukuza. Alimwonyesha mikono yake.

8. Jibu langu

Jumamosi moja nilikwenda nyumbani kwa kijana yule. Nilimkuta akilisha ng'ombe wa baba yake. Nikamwambia, "Mwanangu, uliniuliza neno jema nami nikakujibu kwa hasira. Nisamehe." Akaona haya, akainama. Tukaketi chini ya mti.

Nilimwambia haya: "Uliuliza twajuaje. Mambo mengine twajua kwa hesabu. Mengine kwa kuona mara nyingi. Mengine kwa kumtumaini aliyetuambia, na hapo hatuna budi kumpima msemaji: aliishije, alipata faida gani, alikuwa tayari kufa kwa ajili ya neno lake au alijenga nyumba kwa neno lake? Mitume wapime hivyo. Nami nipime hivyo. Kisha ujipime mwenyewe, maana mizani isiyompima mwenye mizani imepotoka. Nami siwezi kukuthibitishia Mungu kama nithibitishavyo 3 mara 5. Hume alisema ukweli katika jambo hilo. Mimi nimeitwa, nikaja, nikaona kwamba napata kuishi. Ni kama nanasi: naweza kulisifu mchana kutwa, lakini sina namna ya kulionja kwa ulimi wako."

Akafikiri, akauliza, "Na kama nitaonja nisione ladha, mwalimu?" Nikamjibu, "Basi uje uniambie. Sitakufukuza tena."

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, akaketi nyuma. Sikumwuliza kama mashaka yake yamekwisha, wala yeye hakusema. Siku hizi twasoma pamoja kila Jumatano, na maswali yake yamezidi, hayakupungua.

Ndugu walimu, mtu wa namna hiyo yuko katika kila usharika. Akikujia jioni wenzake walipokwenda zao, usimwage upesi. Mpe kiti. Na kama hukisoma kitabu anachokitaja, mwambie, "Sijakisoma. Kilete, tukisome pamoja."